Kamba ya Mafundo Kumi na Mawili

Siku ya kwanza nilipoingia shuleni Bwera, mkuu wa shule alinionyesha ubao, akanipa chaki, kisha akaninyooshea kidole. "Mwalimu Biira, hiyo kozi yako ya hesabu za maisha, batoto batatoka inje kucheza tu. Nakupa muhula moja. Ikishindikana, unarudia kitabu." Nikaitika kwa adabu huku moyo ukinidunda kwa furaha. Muhula mzima! Nilikotoka, Karusandara, sikuwahi kupewa hata kipindi kimoja cha nje.

Haikupita wiki, mto ukang'oa gogo walilovukia wanafunzi wa ng'ambo. Viti kumi na vinane vikabaki vitupu. Mzee mmoja akatoa mkaratusi wake, na mrefu wa kutosha ulikuwa huo mmoja tu. Ukikatwa mfupi, basi tena. Mkuu akaniangalia: "Haya, hesabu ya maisha ndiyo hii."

Nyinyi vijana mnapima kwa simu. Sisi tulikunja karatasi ya mraba kona kwa kona, tukapata pembe ya digrii arobaini na tano. Tukaweka kijiti mkabala na jiwe la ng'ambo, tukatembea kutoka kijitini kando ya mto, upande mmoja wa karatasi ukielekea kijiti, hadi jiwe likaonekana sawasawa kwenye mkunjo. Umbali tuliotembea ndio upana wa mto, bila kulowesha hata kidole! Tukaupima kwa kamba ya katani yenye fundo kila mita: kumi na moja. Tukaongeza moja, nusu kila ukingo, ya kulaza gogo. Watoto walishangilia, nami nikawashinda kwa kelele.

Kwa furaha hiyo nikaisahau kamba nje, mvua ikainyeshea. Asubuhi nikawakabidhi mafundi wa kupasua mbao hivyo hivyo. Wakailaza juu ya mti uliokwisha angushwa, msumeno ukanguruma. Ndipo Masika, binti wa dawati la nyuma aliyeapa kwamba hesabu si zake, akapiga ukelele.

"Musikate! Kamba ikilowa inafupika! Mbuzi ya mama ilinyeshewa, kamba ikaikaba shingo, karibu ife!"

Tukaazima futi ya seremala. Mafundo kumi na mawili yalikuwa yamepungua karibu hatua nzima! Gogo lingeshika kingo kwa kucha tu. Aibu ilinipata, kisha nikacheka mpaka machozi: miaka yote nafundisha vipimo, sijawahi kumuuliza mbuzi.

Gogo likalala vizuri na viti vikajaa. Mkuu alivuka wa kwanza, viatu mkononi, akarukaruka katikati kulijaribu. "Kozi iendelee," akasema. "Lakini somo ya kamba afundishe Masika."

Nimestaafu, na darasa langu sasa ni la Masika kweli. Juzi nilikaa dawati lake la zamani nikamsikia akisema, kamba iliyolowa mkononi, "Hapa ndipo mwalimu wangu alipokosea." Mwanafunzi akauliza ni mwalimu gani huyo.

Nikanyoosha mkono juu kabisa. "Ni mimi!"