Babu Yangu wa Pito na Amri Saba za Nuhu

Nakumbuka siku moja ya jua kali huko bondeni Mtowisa, mwanangu, nikiwa binti wa miaka ishirini mwenye kiburi cha dini. Nakusimulia kwa sababu nimesikia jana hukwenda msibani kwa jirani yetu, eti marehemu hakuwa wa imani yako. Sikukasirika. Nilijiona mimi mwenyewe.

Nilikuwa nawapikia mafundi wa kuchimba visima. Mkubwa wao alikuwa mgeni Myahudi, mtu mpole aliyekijua Kiswahili vizuri. Nyama yetu hakuigusa, kambale asiye na magamba alimrudisha, perege mwenye magamba akamla, tena kwenye sufuria yake mwenyewe, akisema ndiyo sheria ya dini yake. Jumamosi hakushika hata nyundo. Mimi niliyekua na Biblia nilimtazama kwa hofu. Hawa ndio watu wa Musa, niliwaza, na huyu hapa anakula ugali wangu.

Wakati huo babu yangu, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, alikuwa mgonjwa kijijini Pito, huko juu. Alikuwa amekataa kubatizwa, nami nikaapa sitakanyaga kwake mpaka akubali. Mara mbili nililetewa habari kwamba hali yake ni mbaya, nami nikashupaza shingo.

Basi siku hiyo nilimwambia yule mgeni, "Nataka kuingia dini yenu. Nyie ndio wa kwanza kwa Mungu."

Alitabasamu. "Hulazimiki, dada. Sisi tuna amri mia sita na kumi na tatu. Watu wa mataifa mengine wana saba tu, za Nuhu. Mwenye kuzishika ni mtu mwema kwetu, na ana fungu lake katika ulimwengu ujao."

Akahesabu kwa vidole: asiabudu sanamu, asimtukane Mungu, asiue, asizini, asiibe, na pawepo mahakama za haki. Ya saba, asile nyama iliyokatwa kwa mnyama aliye hai.

Hiyo ya saba ilinikumbusha jambo. Niliwahi kuona ng'ombe amezama kwenye tope, vijana wakaanza kumkata paja angali anapumua. Babu ndiye aliyewafukuza kwa fimbo, huku machozi yanamtoka. Ndiye pia aliyeamua kesi za mipaka ya mashamba, na hakuwahi kupokea hata kuku wa mtu. Nani alimfundisha yote hayo?

"Lakini babu yangu anatambika," nikasema.

"Hilo siwezi kulihukumu. Hata wazee wetu wamebishana sana juu ya mambo haya. Umeshamuuliza anamwabudu nani?"

Sikuwahi kumuuliza. Nilimhubiria miaka mitatu mfululizo, swali hilo moja halikunijia.

Kesho yake nilipanda lori la mpunga. Nilimkuta babu amelala karibu na moto, amebaki mifupa.

"Umekuja, mke wangu," akanitania kwa sauti ndogo. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza.

"Namwomba Leza, aliyeumba mbingu na ardhi," akasema. "Wazee nawasalimia tu, kama ulivyoniamkia sasa hivi. Wewe ulidhani namwomba nani?"

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilimlisha uji siku nne, ya tano akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Siku hizo nne ningezikosa kwa ujinga wangu, na aliyenipa ni mtu ambaye hakuwa wa dini yangu wala ya babu. Hadi leo nikilifikiria hilo, napiga magoti.

Mwanangu, ishike imani yako kwa mikono miwili. Mimi bado nasali rozari yangu kila jioni. Ila usimwambie Mungu ampokee nani na amwache nani. Kabla hujamhukumu mtu, kaa naye, muulize, msikilize. Matanga ya jirani hayajaanuliwa. Vaa koti lako uende, ukawasalimie watoto wake.

Mungu aliyefanya agano na Nuhu akutangulie njiani, akupe moyo mpana, na siku yako ikifika, usikose mtu wa kukushika mkono.