Zamu ya Aliyebeba Mtoto

Enzi zetu hapa Kamina, sheria haikuhitaji jengo. Mjukuu wangu Numbi, anayesoma sheria Lubumbashi, alinieleza wakati wa Pasaka kwamba kule Marekani majaji wa mahakama ya juu wakikata kesi ya mtu mmoja, mawakili na polisi wa nchi nzima hubadili namna yao ya kufanya kazi. Alidhani nitashangaa. Nikamwambia kwamba sisi watoto wa mtaa wa reli tulikulia chini ya mahakama kama hiyo, na jaji wake alikuwa nyanya yangu Kabedi, tuliyemwita Kambo kama nyanya wote wa kwetu, aliyehukumu huku akimenya mihogo.

Kesi yenyewe ilihusu ukoko wa bukari, ugali wetu. Kila jioni mtoto mmoja alikwangua chungu kwa zamu, na ukoko ule mkavu, wenye harufu ya moshi, ulikuwa mtamu kuliko nyama. Jumamosi ya pili ya Januari, mvua ikinyesha, zamu ilikuwa yangu, lakini nilikuwa chumbani nikimbembeleza mdogo wangu mgongoni. Binamu yangu Kabamba akaumaliza.

"Hakukuwa pale," alijitetea huku akitafuna. "Zamu yake ilipita."

Kambo hakuinua macho. "Mwenye kubeba mutoto, zamu yake haipite. Inamungojea."

Hukumu ile ilienea mtaani kama harufu ya samaki wakavu wanaoletwa kutoka Mulongo. Juma lililofuata, kila msichana alikwenda bombani na mtoto mgongoni ili asipoteze nafasi yake mstarini, na akina mama wakawa wanazunguka wakiulizana watoto wao wako wapi. Kabamba, aliyekosa mtoto wa kuazima, alimfunga mwanambuzi kwa kitenge, akasimama kwa heshima zote mpaka mzigo wake ulipolia. Kesi ikarudi kwa Kambo.

"Mbuzi haiko mutoto," alisema. Tangu siku hiyo sheria ikawa na mipaka: awe mtoto wa mtu, tena wa nyumba yako.

Mimi sikuwa nimesoma. Kabamba alipokuwa akienda shule, mimi nilibeba wadogo zangu, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alipoanza kutembea, niliomba kuandikishwa.

"Mama, umeshakuwa mukubwa," baba aliniambia. "Zamu yako ya masomo ilishapita."

"Papa, minyi nilikuwa na mutoto ku mugongo. Mutoto yako."

Kisu cha Kambo kilisimama katikati ya muhogo. "Ile maneno nilisha kukata," alimwambia mwanawe.

Baba aliutazama mlango, akaitazama mihogo, akachukua kofia yake. Jumatatu ya kwanza ya Septemba niliketi darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati, nikilingana urefu na mwalimu.

Leo kila mjukuu ana sahani yake, na sufuria zao za kisasa hazishiki ukoko. Hawana cha kugombania, basi hawana jaji; wana simu. Jumapili iliyopita, Numbi akiwa nyumbani kwa likizo, nilipika bukari katika chungu cha kale, nikamwita aje akwangue.

"Kambo, hiyo imeungua," alisema, akarudi kwenye majaji wake wa Marekani.

Nikakaa jikoni nikakwangua mwenyewe. Zamu ilikuwa imeningojea, kama alivyosema Kambo Kabedi. Aliyekosekana ni Kabamba, wa kunipinga.