Kuni za Juma Lile

Jumatatu niliyoanza kupima kuni, baba yangu alinicheka. Alikuwa amekaa mlangoni na msumeno wake, akikata vipande vifupi vifupi, maana majiko mapya tuliyogawiwa yana mdomo mdogo na hayapokei gogo. Mgongo ulikuwa umemwachisha useremala, lakini kuni za kilima chetu chote, hapa Nzahaha, zilipitia mkononi mwake.

"Mutoto wangu alisoma Bukavu miaka yote ile," aliwaambia majirani. "Leo anapima kuni sawa viazi!"

Majiko yalitoka kwa mji mmoja wa kaskazini, Ulaya, ambao sijawahi kuuona. Kwenye mafunzo ya wapimaji, mjini Kamembe, tulipewa mpango wao kwa Kifaransa, nikausoma wote. Walikuwa wamepanga mtaa kwa mtaa: mabasi yatembee kwa umeme, nyumba za zamani zizibwe zisipoteze joto, magari yapungue katikati ya mji. Ukurasa wa mwisho ulikiri kwamba hata hivyo kuna moshi utakaobaki, hawajui waufanye nini. Huo ndio tuliokabidhiwa sisi. Kila ukuni ambao mama yangu hakuuchoma, wao wangehesabu kwamba wamepunguza moshi. Nilikasirika, kisha nikasaini mkataba wa kupima kuni za nyumba saba, kila siku kwa juma moja. Kazi nyingine sikuwa nayo, na jiko lenyewe, kusema kweli, lilikuwa zuri. Kikohozi cha mama kilikuwa kimepungua.

Jumanne baba alianguka na msumeno mkononi. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ametutoka.

Kwetu kilio ni moto. Unawashwa uani, watu wanauzunguka, na hauachwi uzimike mpaka siku ya kumaliza. Majirani wote walileta kuni, vile vile vipande alivyowakatia yeye, kwenye vikapu na vichwani. Walipika kwetu, wakala kwetu, na watoto wao wakala kwetu. Masufuria makubwa yalikaa juu ya mafiga, na jiko hakuna aliyelikumbuka.

Nilimpigia simu msimamizi wangu aliyeko Kamembe. Alinipa pole ya kweli, sauti ikambadilika. Kisha akasema, "Nyumba yenu tutaitoa mu hesabu, juu iko na kilio. Lakini zile zingine umalize, dada. Bale ba Ulaya banangojea rapport."

Basi kila asubuhi nilijifunga kitenge, nikachukua mizani na kuzunguka nyumba sita za majirani. Kuni ulizompa mwenzako, kanuni ilisema, haziandikwi kuwa umezichoma. Niligusa majiko yao kwa kiganja, yote baridi. Niliandika nilichokiona. Kila mstari ulikuwa wa kweli, na jumla yake ilikuwa uongo mtupu.

Nilikwenda kumweleza msimamizi ana kwa ana. Alinisikiliza huku akisugua macho.

"Minakuelewa," alisema. "Lakini hii karatasi haina fasi ya kuandika ile. Na mimi pia niko na chef, mukubwa wangu."

Nikasaini. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kurudi kwa mama.

Mvua zilipokwisha ikaja barua. Kilima chetu kilikuwa kimeushangaza mji ule kwa uchache wa kuni zake, sasa kingekuwa mfano kwa vilima vingine. Niliisoma uani kwetu, nikiwatafsiria, na majirani walipiga makofi kabla sijafika mwisho. Mwisho ulisema kwamba kiasi cha juma lile ndicho kiasi chetu tangu sasa. Nitapima kila Jumatatu. Tukikizidisha mara kwa mara, majiko yatachukuliwa yapelekwe kilima kingine. Hapo makofi yakakatika.

Tangu siku hiyo wanawake walionilisha msibani hunificha kuni chini ya vitanda. Nazijua zilipo, na wao wanajua kwamba nazijua. Nikiandika ninachokiona, majiko yanaondoka na kikohozi cha mama kinarudi. Nikisema hesabu ya kwanza haikuwa sawa, sahihi iliyo chini yake ni yangu. Siwezi kuacha kazi, na siwezi kuifanya.

Jumapili moja, mama akipika maharage, nilimwambia yote. Aligeuza maharage kwa mwiko.

"Ile juma papa yako alikufa," aliniuliza, "njo ile banataka tuishi siku zote?"

"Ndiyo, njo ile, Maman."

"Basi ubaulize: juma yenye inakuja, akufe nani?"

Mama alichomoa ukuni mmoja jikoni, akauzima mchangani ubakie mizani ya kesho, na maharage yalikuwa bado mabichi.