Barua ya Pili ya Mwanaheri

Kabla watu wa Nachingwea hawajambandika jina la Kwasababu, Yunusi bin Amri alikuwa akiitwa Karani, na hilo nalo lilikuwa jina la kumfanyia hisani. Ukarani wenyewe hakuwahi kuufikia. Alisoma mpaka darasa la sita, baba yake akafariki, akarudi nyumbani kushika jembe, na jembe nalo likamshinda. Kilichobaki ni mwandiko. Ulikuwa mwandiko mzuri mno, herufi zimesimama wima kama askari siku ya gwaride, na kwa mwandiko huo akapata pembe kwenye baraza la duka moja sokoni, meza iliyopungukiwa mguu, na kazi ya kuwaandikia watu barua.

Mwaka ule wa 1949 kazi ilikuwa tele. Reli ilikuwa inakaribia, matrekta ya mashamba ya karanga yananguruma tangu alfajiri, na vijana wa kusini kote wamejazana kufyeka pori. Wote walikuwa na mama zao, na mama wote walitaka barua. Yunusi aliziandika kwa mtindo mmoja: salamu nusu ukurasa, kisha habari, siku baada ya siku. Ndivyo mgeni wa kwao alivyotoa habari akishapewa kiti. Hakurupuki na kilichomleta. Anaanza na siku aliyotoka kwake, anataja kila kijiji alicholala, mpaka anafika mlangoni pako. Anayeruka siku huyo ana jambo analificha. Yunusi hakuruka hata siku moja.

Kwa hiyo mjane mmoja wa Naipingo, jina lake Mwanaheri, alipomjia mwezi wa kumi na shida yake, alimwandikia vivyo hivyo.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Ghala la mtama la jirani yake, Mzee Salimu, lilikuwa limeungua. Siku mbili kabla, Mwanaheri alikuwa amechoma majani ya shamba lake kulitayarisha kwa mvua, kama kila mtu afanyavyo mwezi huo. Jumbe wa kijiji akapiga hesabu ya haraka: mwenye moto anajulikana, mwenye hasara anajulikana. Akaamua Mwanaheri amwachie Salimu shamba lake la bondeni, lile lenye mikorosho aliyoipanda marehemu mumewe. Mikorosho hiyo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuzaa. Mwanaheri hakuwa na shamba jingine. Akaamua kupeleka malalamiko yake kwa Liwali, na Liwali alitaka karatasi.

Yunusi akaandika: “Jumatano mimi Mwanaheri nilichoma shamba langu. Alhamisi kulikuwa na upepo. Ijumaa ghala la Mzee Salimu liliungua. Jumamosi jumbe akaniita. Jumapili nikaambiwa niondoke shambani.” Akaweka nukta kubwa, akapuliza wino, akapokea kikapu cha muhogo kwa moyo mweupe.

Alhamisi iliyofuata Mwanaheri alirudi kutoka barazani kwa Liwali. Hata salamu za watu wa dukani hakuitikia. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani.

“Mtani,” alisema. Yeye alikuwa Mmwera na Yunusi Mmakua, kwa hiyo walikuwa na ruhusa ya kutukanana tangu enzi za mababu. “Mtani, nirudishie muhogo wangu.”

“Nimeshaula.”

“Basi utapike. Karani wa Liwali amesoma barua yako mbele ya watu. Liwali akanitazama kwa huruma, akaniambia, ‘Mama, umejieleza vizuri. Umechoma, upepo umevuma, ghala limeungua. Sasa unalalamikia nini?’ Watu wakacheka, mpaka mbuzi wa barazani akacheka.”

Yunusi akahisi masikio yanapata moto. “Nimeandika uongo wapi?”

“Hujaandika uongo hata neno moja, ndiyo maana nimeangamia! Jumatano hiyohiyo nilisuka nywele. Mbona hukuandika, ‘Mwanaheri alisuka nywele, ghala likaungua’? Nywele nazo zilitangulia ghala.”

Yunusi akaiweka kalamu chini. Katika miaka yote ya herufi zake zilizosimama wima, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu kutangulia kingine hakukifanyi kuwa mzazi wake. Alizipanga siku kama shanga kwenye uzi, na wasikilizaji wakadhani uzi ndio moto.

“Liwali amekupa muda?” aliuliza taratibu.

“Mpaka Alhamisi ijayo. Nikishindwa, Salimu anaingia shambani.”

“Basi barua ya pili sitaiandikia hapa. Nitakuja nione.”

“Uone nini? Mwandishi anaona kwa kalamu.”

“Ndiyo iliyoniponza,” Yunusi akasema.

Jumapili aliazima baiskeli isiyokuwa na breki akaenda Naipingo, akifika kila mteremko anashuka na kuikimbiza kama mtu anayemfukuza mbuzi wake mwenyewe. Mwanaheri akamwonyesha shamba. Ukiacha mikorosho, lilikuwa jeusi limeungua sawasawa, na pembeni kote amepalilia ukingo mpana wa hatua sita, udongo mtupu. Ng’ambo ya ukingo, mpaka nyumbani kwa Mzee Salimu, palikuwa na nyasi kavu zinazofika kiunoni. Zote zimesimama.

Yunusi aliziangalia nyasi hizo kwa muda mrefu.

“Hizi zilikuwepo Ijumaa ile ya moto?”

“Mtani, nyasi hazioti mwezi wa kumi.”

“Sasa moto wako ulipita wapi? Ulipanda basi?”

Lilikuwa swali la mzaha, lakini ndilo lililomfungua macho. Ukisema hiki kimeleta kile, lazima uonyeshe njia iliyopitiwa. Hapa njia haikuwepo. Na majivu ya Jumatano, aliyoyachimbua kwa kidole cha mguu, yalikuwa yamekwisha kupoa kesho yake, kwa ushahidi wa Mwanaheri mwenyewe, aliyepita juu yake Alhamisi peku akienda kutafuta kuni.

Wakaenda kwenye ghala. Lilikuwa ghala kama maghala yote ya huko: limeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake panawashwa moto mdogo wa moshi, ili fukusi wasitafune mtama. Moto huo hauachwi uwake. Unalishwa vipande vibichi vya kuni, unanyamazishwa kwa majani, kila saa mtu anautupia jicho. Nguzo zilizobaki zilikuwa zimeungua upande wa ndani, tena chini. Upande wa nje, unaotazama shamba la Mwanaheri, gome lilikuwa bado lipo. Katikati ya majivu palilala kipande cha gogo nene kama paja la mtu mzima.

Mke wa Salimu, Ashura, alitoka jikoni. Alikuwa amerudi Jumamosi, kesho yake ya moto, kutoka Nandagala, alikokaa siku saba kwenye unyago wa mjukuu wake. Majivu hayo hakuwa ameyasogelea bado; sasa alitazama kilichokuwa kikitazamwa.

“Nani kaweka gogo?” aliuliza. Hakumuuliza Yunusi. Nyuma yake, mlangoni, Mzee Salimu alikuwa amesimama ameshika mswaki mdomoni. “Baba Isihaka, nani alikuwa anatazama moshi?”

Mzee Salimu akautoa mswaki mdomoni, akauangalia, akaurudisha. Akaingia ndani.

Ashura aliketi juu ya kinu kilichoinamishwa. “Zamani moshi ulikuwa kazi yangu na ya wake za wanangu,” alisema. “Isihaka na mdogo wake wameenda kufyeka pori la karanga, wake zao wamewafuata. Nilimwambia, nikienda Nandagala nimwite nani? Akasema, ‘Mimi si mgonjwa.’ Hataki watu wajue nyumba imebaki ya vikongwe wawili.”

Yunusi alirudi Nachingwea akiwa na sababu mkononi, na kwa furaha ya aliyekamata mwizi akaanza kuandika: “Ghala liliungua kwa sababu ya uzembe wa Mzee Salimu.” Jumanne Mwanaheri alipokuja kusikiliza, alimnyang’anya kalamu.

“Futa.”

“Ni kweli!”

“Hujaeleza, umetukana. Mimi nitaishi naye jirani mpaka mmoja wetu azikwe, wewe utapanda baiskeli yako isiyo na breki. Uzembe gani? Mzee huyu miaka thelathini ghala lake halijaungua. Uzembe umemjia Ijumaa moja?”

Yunusi akafikiri. Kweli, neno uzembe lilimfungia mlango usoni. Halikueleza gogo. Akachukua karatasi nyingine, na safari hii akaanza kinyume na mazoea yake yote: hakuanza na siku ya kwanza, alianza na jambo lenyewe lililotokea, ghala limeungua, kisha akarudi nyuma hatua moja moja, kila hatua akiuliza hii imeletwa na nini.

Na kila jibu alilipima. Aliliondoa kichwani aone kama ghala lingebaki.

“Aliuacha moto akaenda kuswali Ijumaa,” alisema.

“Ijumaa zote anakwenda kuswali,” Mwanaheri akajibu. “Mbona ghala lilikuwa salama?”

“Haya, swala si sababu. Upepo?”

“Upepo bila gogo ungepuliza nini? Moshi?”

“Upepo umesaidia tu. Gogo sasa. Ondoa gogo.”

“Ghala lipo,” alisema Mwanaheri.

“Na kwa nini gogo?”

Wote wawili walijua. Kwa sababu mtu mmoja hawezi kuulisha moto kila saa na pia kwenda msikitini. Na kwa nini yu peke yake? Na kwa nini wanawe wameondoka? Yunusi alianza kunogewa. Akaona anaweza kurudi mpaka kwenye reli, kutoka reli mpaka ng’ambo ya bahari, kutoka huko mpaka kwa Nabii Adamu.

“Simama hapo kwa wanawe,” Mwanaheri akamwambia. “Liwali hawezi kumwita Adamu barazani. Andika mpaka pale ambapo mtu anaweza kufanya kitu.”

Alhamisi karani wa Liwali alisimama akasoma, na safari hii mbuzi hakucheka:

“Ghala la Mzee Salimu liliungua kutoka ndani na chini, kwani nguzo zake zimeungua upande huo na gome la nje limesalia. Moto uliolichoma ni moto wa moshi, uliopata nguvu kwa sababu uliwekewa gogo zima badala ya vipande vibichi. Gogo liliwekwa kwa sababu aliyeutazama moto alikuwa mmoja, naye ilimbidi kuondoka. Alikuwa mmoja kwa sababu mkewe alikuwa kwenye unyago Nandagala na wanawe wako kazini Nachingwea. Moto wa shamba langu ulitangulia, lakini haukufika, kwa sababu nyasi zilizo kati yetu zimesimama mpaka leo. Naomba mtu atumwe akazione. Jirani yangu amepata hasara kubwa, nami namsikitikia. Lakini hata nikimpa shamba langu, nyumba yake itabaki bila mtu wa kutazama moshi, na ghala la mwaka ujao litaungua vilevile.”

Liwali akamgeukia Mzee Salimu. “Mzee wangu, nitume mtu akaangalie nyasi?”

Mzee Salimu alisimama polepole. Alikuwa amejiandaa kujibu matusi, na matusi hayakuja. Alikunja kofia yake mikononi, akaikunjua.

“Usimsumbue mtu,” alisema. “Gogo nililiweka mimi. Nilisema nikirudi nitaukuta moto. Nilirudi nikaukuta.” Kisha akasema kwa sauti ndogo, akimtazama Mwanaheri, “Niliona haya, mwanangu. Moto wako ulikuwa karibu na mdomo kuliko wangu.”

Jumbe alikohoa kikohozi kirefu cha mtu anayetafuta mahali pa kuweka macho. Liwali aliamua shamba la bondeni libaki kwa mwenyewe, mikorosho na yote, na jumbe apeleke ujumbe kwa wana wa Salimu, mmoja arudi nyumbani mpaka mavuno yapite. Isihaka akarudi, akiwa na koti jipya na sura ya mtu aliyetolewa ngomani mapema. Wanakijiji wakachanga mtama, kila nyumba ungo mmoja. Ungo wa Mwanaheri ulijaa kuliko wa jumbe, na alihakikisha watu wameliona hilo.

Tangu hapo Yunusi hakuandika tena barua kabla ya kumchosha mteja kwa maswali. Umekuja kulalamikia ng’ombe, anakuuliza kwa nini, ukijibu anauliza kwa nini tena, ukikasirika anakuambia, “Haya, tumekaribia.” Jina la Kwasababu likamganda. Miaka ya hamsini ilipofika katikati, walimu wa shule za jirani walikuwa wakimpelekea wanafunzi wa madarasa ya juu wajifunze insha, naye aliwaanzishia wote kwa swali moja: Mwanaheri alisuka nywele Jumatano, ghala likaungua Ijumaa, je, tumkataze kusuka? Wasiocheka aliwarudisha shuleni.

Lakini kitu alichopenda kukisimulia zaidi ni siku moja ya mwaka uliofuata kesi. Alipita Naipingo na baiskeli, sasa ina breki moja. Ashura alikuwa amekwenda Ruangwa kwenye unyago mwingine, Isihaka yuko shambani, na Mzee Salimu ameshatangulia msikitini. Chini ya ghala jipya alikaa Mwanaheri, macho mekundu kwa moshi, anaulisha moto vipande vibichi, kimoja kimoja.

“Mtani!” Yunusi aliita. “Umeajiriwa?”

“Nyamaza ulete kalamu,” Mwanaheri akajibu bila kugeuka, akitupia jani bichi juu ya moto uliotaka kuinua kichwa. “Leo likiungua, andika mimi.”