Mkato wa Ngao ya Nosim

Mtu yeyote wa Karatu aliyewahi kuvunjikiwa keria ya gari la watalii anamfahamu Leonce. Karakana yake iko mtaa wa nyuma ya soko, na kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi uso wake umejificha nyuma ya miwani nyeusi ya kuchomelea. Huyo ndiye Leonce wa siku za kazi, mtu mpole, asiye na maneno mengi. Leonce wa Jumapili ni kiumbe kingine kabisa. Misa ikiisha huvua shati la kanisani, hushika mkuki alioufua mwenyewe kutokana na springi ya gari, na kwenda kwenye kiwanja cha shule kule Buger, kijijini kwake, kupigana na rafiki zake vita vilivyokwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Ugonjwa huu ulimwingia utotoni. Babu yake alikuwa akisimulia jinsi Wamaasai walivyoshuka kuchukua ng'ombe wa Buger, na jinsi watu wake, Wairaqw au Wambulu, walivyowangojea vichakani na pinde zao. Watoto wengine walisikiliza, wakasinzia, wakalala. Leonce aliuliza mkuki ulikuwa na urefu gani. Babu hakujua, na jambo hilo lilimkera mpaka alipokuwa mtu mzima mwenye karakana na mke. Ndipo alipoanza kuuliza wazee, kutazama picha kuukuu kwenye vitabu vya parokia, na kuandika. Sasa ana kaunta buku tatu zilizojaa vipimo, na anaweza kukueleza upana wa mkuki wa zamani vizuri zaidi kuliko anavyoweza kukueleza siku mke wake alipozaliwa.

"Waume za wenzangu wanatazama mpira," Hyasinta, mkewe, hupenda kuwaambia majirani. "Mimi wa kwangu anapigana na marehemu."

Kikundi chao kina watu ishirini na wanne. Kumi na wawili ni Wairaqw wa kichakani, kumi na wawili ni Wamaasai wavamizi, na kwa kuwa Wamaasai wa kweli kikundini ni watatu tu, waliobaki ni walimu, mafundi na muuza vocha mmoja mwenye kitambi. Wavamizi hao wanaongozwa na Loserian, mlinzi wa shamba moja la kahawa huko Oldeani, mtu mrefu anayecheka kwa sauti kubwa. Ncha za mikuki zimefunikwa mpira wa tairi ili mtu asiumie. Mbali na hapo, Leonce hakubali kitu cha uongo. Ukija na kandambili anakurudisha nyumbani.

Loserian ndiye aliyemwambia juu ya ngao. Mama yake, Nosim, alikuwa nayo chumbani kwake, ameitundika juu ya kitanda: ngao ya kweli ya ngozi ya nyati, mali ya babu wa mama huyo, aliyekuwa moran, askari kijana wa Kimaasai, katika zama zile zile za vita vya Buger. Leonce aliposikia hakula mchana. Alikwenda Oldeani, akamsalimia mama kwa adabu, akaomba kigoda cha kusimamia, akaipima ngao saa mbili nzima.

Kwenye ukingo wa juu, upande wa kulia, palikuwa na mkato. Ulikuwa mkato safi wa kisu, ukubwa wa robo ya chapati. Leonce aliuchora kurasa nne. Aliwauliza wazee saba, Wamaasai kwa Wairaqw, mkato ule ulikuwa wa kazi gani. Mmoja alisema ni alama ya ukoo. Mwingine alisema ni dirisha la kuchungulia adui. Mzee wa tatu, mwenye sauti nzito ya mtu asiyekosea, alisema ni pahali pa kupitishia mkuki, na wengine wanne waliposikia amesema hivyo wakakubaliana naye. Basi Leonce akatengeneza ngao kumi na mbili kwa ngozi za machinjioni, zote na mkato upande wa kulia, akawafundisha Wamaasai wake kuchoma mkuki kupitia pale. Walifanya mazoezi miaka miwili. Muuza vocha alikuwa hodari kuliko wote.

Mwaka huu mwalimu mkuu aliwaomba waonyeshe vita vyao mbele ya kijiji chote, Jumapili baada ya mavuno. Leonce akataka ngao yenyewe iwepo uwanjani. Nosim alifikiri siku tatu kabla ya kukubali.

"Nakuazima," alimwambia. "Haijawahi kulala nyumba nyingine tangu nizaliwe. Nitakuja Jumapili kuichukua mwenyewe. Irudi kama ilivyo."

"Itarudi kama ilivyo, yeyo," Leonce aliahidi. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na alilitamka neno hilo kwa moyo wake wote.

Angekuwa mtu asiyejali historia, mambo yangekwenda vizuri. Angeiweka ngao kabatini basi. Lakini Leonce alikuwa na ukurasa wa arobaini na moja wa kaunta buku ya pili, ambapo aliandika kwamba wamoran wa zamani walipaka ngao zao mafuta ya mkia wa kondoo ngozi isipasuke. Na ngozi ile ilikuwa imekauka, maskini. Jumatano alinunua mafuta, akayayeyusha, akaipaka ngao mbele na nyuma mpaka ikang'aa. Nyumba nzima ikanuka.

"Hiyo ngao yako haingii ndani," Hyasinta alisema. "Inanuka kama sufuria ya harusi. Iweke nje, inywe mafuta yake huko."

Leonce akaiegemeza kwenye ukuta wa banda la kuku. Wanaishi Buger, ukingoni mwa msitu, mahali ambapo mtu hasahau hata ndala nje kwa sababu fisi hawabagui. Kila mtoto wa hapo anajua hivyo. Leonce naye anajua, ila siku ile kichwa chake kilikuwa katika karne nyingine.

Asubuhi aliikuta kwenye shamba la mahindi. Fisi alikuwa ametafuna ukingo wote wa chini, akaacha meno yake yameandikwa kwenye ngozi ya nyati, akaondoka ameshiba.

Siku mbili Leonce hakuweza kuchomelea mstari ulionyooka. Alijaribu kushona kiraka cha ngozi ya ng'ombe, kikaonekana kama kiraka. Akakibandua. Hakuogopa kulaumiwa na Loserian, wala kuchekwa na kikundi. Aliogopa uso wa yule mama. Mama alimwazima kitu pekee alichobakiwa nacho cha watu wake, naye Leonce akakipeleka kwa fisi. Akifukuzwa Oldeani atakuwa amestahili, na hataweza tena kushika mkuki bila kuona haya. Usingizi ulimpaa.

"Nenda ukamwambie leo," Hyasinta alimwambia Jumamosi. Hakumtania. "Baba Raphaeli," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "yule mama asije akaliona hilo mbele ya watu."

Akafunga ngao kwa blanketi nyuma ya pikipiki. Juu yake akafunga moja kati ya zile kumi na mbili alizotengeneza, nzuri kuliko zote, apate angalau kitu cha kutoa. Njia ya Oldeani ilimrusharusha, na kila shimo aliliona kama haki yake.

Nosim alikuwa nje akipanga shanga kwenye sinia.

"Takwenya, yeyo," Leonce alimsalimia kwa Kimaasai.

"Iko. Mbona umekuja leo? Tumesema kesho."

Leonce hakuwa na ujasiri wa kuanza na ile yenyewe. Alimpa ile mpya. "Nimekuletea zawadi. Nimeitengeneza kwa mikono yangu."

Mama aliipokea, akaigeuza, akaikagua kwa macho makali ya mtu anayejua ngozi. Kidole chake kikafika kwenye mkato, kikasimama.

"Na hii nani aliila?"

"Aliila nani, yeyo? Hapo ni pa kupitishia mkuki."

Nosim aliacha kidole pale pale. "Nyingine ulizotengeneza zina hii?"

"Zote kumi na mbili."

"Nipe yangu."

Ikawa hakuna njia nyingine. Leonce alifungua blanketi, akaiweka ngao miguuni pake, akasimulia yote bila kuinua kichwa: mafuta ya mkia, banda la kuku, shamba la mahindi. Hakujitetea. Hata ile harufu iliyomkasirisha mkewe aliiacha. Alimaliza, akangoja.

Mama alipitisha kiganja kwenye alama za meno, kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Leonce alidhani analia, roho ikamwisha. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka shanga zikamwagika kutoka kwenye sinia, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Kumi na mbili!" alisema. "Mbulu wewe! Umetengeneza Wamaasai kumi na wawili, wote wamekula ngao zao!"

"Sielewi, yeyo."

"Huo mkato ulimuuliza nani?"

"Wazee. Wazee saba."

"Wanaume?"

"Ndiyo."

"Wanaume wangejua nini? Ngao ilipokuwa ikichemshwa wao walikuwa wamelala, hawana nguvu ya kusimama."

Akamwonyesha kigoda akae, akamsimulia. Mwaka wa sotoka ng'ombe walikufa wote, bonde na mlima. Bibi yake Nosim alikuwa mke kijana mwenye watoto wawili. Walikula ngozi za kulalia, zikaisha. Walikula mikanda na viatu. Siku moja akachukua kisu, akatundua ngao ya mumewe, akakata pale juu. Aliichemsha kutwa nzima, watoto wakanywa maji yake, wakatafuna mpaka ikalainika. Mume aligeukia ukutani.

"Asubuhi yake," Nosim aliendelea, "bibi alibeba mtoto mdogo kifuani na ngao mgongoni, akashuka Buger. Kwenu. Kwa watu tuliowaibia ng'ombe. Alitaka kubadilisha ngao kwa mtama. Mama mmoja akatoka nyumbani na bakuli. Hawakuwa na lugha moja. Bibi akamnyooshea ngao, yule mama akaisukuma, akampa bakuli. Alikula akiwa amesimama, ngao bado iko mkononi. Akarudi na mtama, na ngao yake. Mimi nimetokana na yule mtoto wa kifuani."

Leonce alikuwa ameshatoa kaunta buku bila kujijua. "Huyo mama aliitwa nani?"

"Bibi hakujua."

"Na kwa nini hukuniambia siku ile nilipokuja kupima?"

"Hukuniuliza," Nosim alisema. "Ulinisalimia, ukaomba kigoda, ukapima."

Lilimwingia lile neno. Akafunga daftari. "Na fisi, yeyo? Nisamehe kwa fisi."

"Fisi naye alikuwa na njaa. Hii ngao imelisha watoto wawili na fisi mmoja. Niambie ni ngao gani nyingine imefanya kazi hiyo." Aliiinua, akaiegemeza kwenye goti lake. "Usishone kitu. Kesho nakuja nayo mwenyewe. Lakini mkimaliza vita vyenu pale pale kwenye ng'ombe, naondoka nayo na hutaiona tena. Mmalize mpaka mwisho."

Njiani Leonce aliimba. Haimbi hata kanisani. Alisimamisha pikipiki mara mbili kwa sababu macho yalimjaa machozi na njia ilikuwa haionekani, akashusha pumzi, akaendelea. Jioni, kabla hata ya kula, alimweleza Hyasinta kila kitu, na akamwambia kwamba anahitaji mwanamke wa kushika bakuli. Kikundi kizima hakina mwanamke hata mmoja. Haikuwahi kumjia akilini kwamba vitani kulikuwa na wanawake.

"Mimi sivai ngozi," Hyasinta alisema, akaingia jikoni. Leonce hakuthubutu kumfuata.

Jumapili kiwanja kilijaa. Wairaqw walitoka kichakani na pinde, Wamaasai wakaja na mikuki, wote wakichoma kupitia mkato kwa kuwa hawakujua namna nyingine. Nosim, kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, ngao mapajani, alicheka kila muuza vocha alipochoma. Wavamizi wakashindwa, wakakimbia, watu wakapiga vigelegele. Leonce akasimama na kipaza sauti aeleze kilichofuata mwaka wa sotoka. Alianza vizuri. Alipofika kwenye ngozi za kulalia, sauti ikamkauka, akabaki amesimama, kipaza sauti kinanguruma.

Nosim aliinuka. Hakuna aliyempangia hivyo. Aliweka ngao mgongoni kama bibi yake, akaanza kukatiza kiwanja peke yake, polepole, na wapiganaji wakampisha. Kelele zikafa.

Kutoka upande wa jiko la shule akatoka Hyasinta. Alivaa gauni lake la kanisani na kitenge, na mikononi alikuwa na bakuli la makande yanayotoa moshi. Walikutana katikati. Nosim alimnyooshea ngao, ile yenye mkato juu na meno ya fisi chini. Hyasinta akaisukuma kwa kiganja, akampa bakuli.

Hapo ndipo igizo lilipaswa kuisha. Lakini makande yalikuwa ya moto na bakuli lilikuwa zito, na mama wa miaka sabini na kitu hawezi kushika vyote viwili.

"Shika hii, nile," Nosim alisema, na kumpa Hyasinta ngao.

Hyasinta aliipokea kwa mikono miwili, akaikumbatia pamoja na harufu yake yote. Alisimama nayo katikati ya kiwanja, hakuiweka chini, mpaka yule mama alipomaliza kula.