Zizi la Kituo cha Tano

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, mwalimu anayeendesha ligi ya shule zetu ya mbio za ramani na dira huitandaza ramani chini, huizungusha hadi kaskazini yake ilingane na ya dira, kisha huikanyaga pembe kwa kandambili isipeperuke. Vidole vyake vimekwaruzwa kwa kuchuma pamba, na sauti haipandishi hata akiita watoto mia. Mimi, mwenye digrii ya jiografia na aibu ya kuomba hata maji, ndimi mchora ramani wake.

Jumamosi moja huko Sapiwi niliweka kituo cha tano cha mbio kwenye zizi nililoliona katika picha ya satelaiti, nikajipongeza kwa usahihi. Sikujua kwamba zizi la miiba huhama. Wasichana watatu waliondoka saa tatu. Saa saba walikuwa hawajarudi, na jua lilikuwa kali.

“Dada wa chuo, watoto wetu umewachorea wapi?” mama mmoja akauliza.

Nikaikodolea macho dira, kana kwamba ingenijibia. Mwalimu akaondoka bila ramani, na baada ya nusu saa akarudi nao, midomo yao myeupe kwa maziwa ya zizini. Nikajikaza kumuuliza aliwapataje.

“Niliuliza nyumba iliyo jirani na pale ulipochora, zizi limehamia wapi.”