Dawa Iliyochujwa

Saa nne usiku simu ilikuwa bado kimya mezani, na mama hajatia kitu mdomoni. Binti yake aliondoka alfajiri kwenda mashindano ya baiskeli za milimani, akaahidi kupiga simu kabla jua halijazama. Kila pikipiki iliyopita nje, mama alisimama.

Kwenye jiko la kiwanda alikopika, wenzake walimwita Mkaguzi, maana hakuna kilichoingia sufuriani bila kupita machoni pake. Ndiyo sababu binti, aliyebanwa na zamu, alikuwa amemtuma yeye dukani kwa fundi wa baiskeli akachague dawa ya tairi. Tairi za binti hazikuwa na tyubu. Dawa humiminwa ndani, mwiba ukitoboa, inakimbilia tundu na kuganda.

"Hii nyepesi, mama, ni ya lami," fundi alimweleza. "Hii nzito ndiyo ya mawe na miiba."

"Nipe nzito. Isiwe kama maneno yako tu, leo inaziba, kesho inavuja."

"Mama wewe una ulimi!" Fundi alicheka, akaifuta chupa kwa shati lake. "Itikise tu vizuri."

Nyumbani aliitikisa, akafungua. Akaona chembechembe kama mchanga. Ameniuzia machicha, akawaza. Akaichuja kwa chujio la chai mara mbili mpaka ikawa laini kama maziwa, chembe akazimwaga. Binti akajaza tairi bila kujua. Siku ile mama alijiona mjanja.

Sasa, usiku huu, simu ikalia.

"Mama, niko njiani, mtandao nimeupata hivi punde. Sikumaliza. Jiwe limetoboa tairi, dawa ikamwagika yote kama maji. Haikuwa na chembe hata moja, na chembe ndizo zinazoziba! Yule fundi nimeshamtukana kwa simu. Nimeandika na kwenye kundi la waendesha baiskeli wote, mtu asinunue kwake."

Mama aligeukia chujio la chai. "Pole, mwanangu," akasema.

Binti alifika na matope hadi magotini. Hakugusa chakula, akajifungia chumbani. Mama akasimama nje ya mlango, uso ukimchoma kama aliyeinamia mvuke. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Nani angejua? Lakini mtu wa watu alikuwa anaanikwa juani kwa kosa lisilo lake.

"Mwanangu, fundi hana kosa. Dawa niliichuja mimi."

"Uliifanya nini?"

"Nilidhani ni uchafu."



"Si ungemuuliza, Mama? Duka lenyewe hapo tu!"

"Niliona haya. Sikutaka anione sijui."

Kitanda kikalia.

"Kesho mapema nitakwenda kwake," mama alisema, paji la uso likiwa limegusa mbao. "Nitasema mbele ya wateja wake."

Komeo likateleza. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, na mkono wa binti ulikuwa umeshika simu, tayari inaita.

"Kesho mbali, Mama. Mwambie sasa."